Nyumba ya Kijijini Ufaransa: Je, Wageni Wataweza Kuilipia?

Katika toleo hili tunajibu wasomaji wanaotaka kununua nyumba ya mapumziko vijijini Ufaransa na kuipangisha kwa wageni wakati wenyewe hawapo. Kinachowavuta ni bei. Huko ndani, katika Creuse, Haute-Vienne au Charente, nyumba ya mawe yenye bustani bado hupatikana kwa fedha isiyotosha kununua chumba kimoja cha Paris. Bei hiyo ni ya kweli, ila ni mwanzo tu wa gharama.

Mimi na mume wangu tunaishi Leeds, Uingereza. Tumepata nyumba ya vyumba vitatu vya kulala huko Haute-Vienne kwa euro 120,000. Dalali anatuhimiza tusaini kitu kinachoitwa compromis de vente, anasema ni makubaliano ya awali tu. Tukighairi je? Na hiyo 120,000 ndiyo yote?

Hilo neno "awali" msilichukue kijuujuu. Compromis ndiyo mauzo yenyewe. Hati ya mwisho, acte de vente, huja miezi miwili au mitatu baadaye kukamilisha yaliyokwisha kukubaliwa. Mkisaini, muuzaji amefungwa palepale. Ninyi mna siku 10 za kughairi bila kutoa sababu na bila hasara, zinazohesabiwa kuanzia kesho yake baada ya barua ya rejista yenye hati hiyo kufikishwa kwenu mara ya kwanza. Kughairi nako kufanywe kwa barua ya rejista. Kumpigia dalali simu hakutoshi. Siku 10 zikipita, anayejitoa bila sharti linalomlinda kwa kawaida hudaiwa asilimia 10 ya bei, yaani euro 12,000 kwa nyumba yenu.

Kwa hiyo kazi yenu kubwa ni yale masharti, Wafaransa huyaita conditions suspensives. Lisipotimia hata moja, mauzo yanavunjika na amana inarudi. Kama mnakopa, sharti litaje kiasi, idadi ya miaka na kiwango cha juu kabisa cha riba mtakachokubali. Ukiandika "tukipata mkopo" peke yake, muuzaji anaweza kudai hamkuutafuta kwa dhati. Kama mnataka kuchimba bwawa la kuogelea au kugeuza ghala kuwa makazi, wekeni sharti la kibali. Amana ni asilimia 5 hadi 10, na tunashauri ikae kwenye akaunti ya notaire, yule ofisa wa hati aliyeteuliwa na serikali. Notaire hatetei upande wowote: anaandika hati, anahakiki umiliki, anakusanya kodi. Mnaruhusiwa kuwa na wenu, tofauti na wa muuzaji, wala haiwaongezei hata senti, kwa sababu wawili hao hugawana ada ileile.

Juu ya bei, kwa nyumba ya zamani, kuna kodi na ada za uhamisho zinazofika asilimia 7 hadi 8.5. Watu huziita ada za notaire, ingawa sehemu kubwa ni kodi. Tangu Aprili 2025 wilaya zimeruhusiwa kupandisha fungu lao kutoka asilimia 4.5 hadi 5, na nyingi zimefanya hivyo. Tengeni euro 10,000. Ulizeni pia kama ada ya dalali imo ndani ya bei iliyotangazwa: herufi FAI kwenye tangazo maana yake imo.

Kama nyumba inakuja na shamba, shirika la ardhi ya kilimo, SAFER, lina miezi miwili ya kuamua kama litanunua lenyewe badala yenu. Kwa nyumba yenye bustani ya kawaida halijishughulishi sana. Kwa hekta kadhaa za malisho, usiagize samani kabla jibu halijatoka.

Nikiwa na nyumba Ufaransa, nitapata kibali cha kuishi? Nina pasipoti ya Kenya.

Hapana. Hati ya nyumba si viza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anaomba viza ya Schengen kama mgeni mwingine yeyote, na hatakaa zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza kwa ziara hizo, lakini hesabu ya 90 kwa 180 inambana vilevile. Anayetaka kukaa zaidi huomba viza ya muda mrefu ya mgeni, ambayo haimruhusu kuajiriwa. Hesabu siku zako kabla ya kuhesabu vyumba.

Niko Dar es Salaam. Nimeuza kiwanja na nataka kulipa taslimu ili nikwepe riba. Nikituma kupitia akaunti ya kaka yangu aliyeko Ujerumani kuna ubaya?

Upo. Malipo yote ya zaidi ya euro 3,000 kwa notaire lazima yaende kwa uhamisho wa benki, na notaire anawajibika kisheria kujua fedha zimetoka wapi. Akaona mnunuzi ni wewe na mtumaji ni mwingine, atasimamisha kila kitu mpaka aridhike. Tuma kutoka akaunti yenye jina lako, na uandae mapema mkataba wa mauzo ya kiwanja, risiti ya kodi uliyolipa na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia. Vyote vitafsiriwe Kifaransa.

Kabla ya hapo, nenda benki yako. Kwa mkaazi wa Tanzania, kupeleka mtaji nje ya nchi kunaongozwa na kanuni za fedha za kigeni chini ya Benki Kuu, na swali hilo lijibiwe kabla hujasaini compromis, maana siku 10 hazisubiri foleni ya ofisi yoyote.

Kuhusu riba: sheria ya Ufaransa inaruhusu muuzaji kukubali kulipwa kwa mafungu, na mpango huo ukaandikwa ndani ya hati ya notaire, bila riba kama mmekubaliana hivyo. Wauzaji wanaokubali ni wachache. Anayeweza kukusikiliza ni yule ambaye nyumba yake imekaa sokoni miaka miwili.

Nyumba tuliyoipenda ni ya mawe, imepigwa lipu ya saruji na ndani imepakwa rangi mpya. Dalali ametupa lundo la ripoti. Tuanze kuangalia wapi?

Anzeni na hiyo rangi mpya. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa ya Kale analijua jambo hili: ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Unyevu huingia, na hutoka. Ukuta wa granaiti wa Limousin, eneo zilimo Haute-Vienne na Creuse, wenye unene wa nusu mita au zaidi na uliojengwa kwa udongo au chokaa, una tabia hiyohiyo. Ukiufunika kwa saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea nje, yanatokea ndani. Pigeni magoti mtazame ukuta kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi iliyovimba kama malengelenge, unga mweupe wa chumvi, mbao za pembeni zilizojikunja: hayo ni maji. Fungueni kabati lililoegemea ukuta wa kaskazini mnuse. Kama ukuta umefunikwa kwa mbao za jasi, ulizeni kwa nini, kwa sababu jasi huficha unyevu kwa miaka mitatu minne kisha huusalimisha kwa mnunuzi. Bisibisi ndogo itawasaidia kuliko maneno ya dalali: ichomeni taratibu kwenye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani. Mti mzima hukataa. Ikizama sentimita moja, ncha imeoza, na kubadili boriti ni kufungua ukuta na dari.

Kisha pandeni darini mchana na mzime taa. Vinukta vya mwanga ni vigae vilivyohama. Vijishimo vya umbo la yai, vya milimita chache, na unga laini wa mbao chini yake ni dalili za mbawakawa anayekula paa.

Sasa zile ripoti. Ya nishati, DPE, inaipa nyumba herufi A hadi G. Nyumba ya E, F au G haiuzwi bila ukaguzi wa ziada unaoonyesha kazi za kufanywa na gharama zake, basi muudai. Na kwa mpangishaji kuna tarehe ya kukumbuka: kuanzia 2034 nyumba ya kupangisha watalii italazimika kuwa angalau D. Ripoti ya madini ya risasi kwenye rangi ni kwa nyumba za kabla ya 1949, ya asbesto ni kwa zilizopata kibali cha ujenzi kabla ya Julai 1997, ya umeme na gesi ni kwa mitambo iliyopita miaka 15.

Ile ambayo watu huiruka, nasi tungeisoma ya kwanza, ni ya maji machafu. Vijijini nyumba nyingi hazijaunganishwa na mfereji wa umma. Kila moja ina karo lake, na idara ya halmashauri iitwayo SPANC hulikagua. Ripoti yake iwe haijapita miaka 3. Ikisema karo halifai, mnunuzi ana mwaka mmoja tangu siku ya hati kulitengeneza, na kazi hiyo mara nyingi huwa euro 8,000 hadi 15,000. Hapo ndipo pa kupunguzia bei, na si kwenye rangi ya madirisha.

Mkilijenga upya, chagueni kwa akili. Fundi anaweza kuwapa mtambo mdogo wa umeme unaopuliza hewa, kwa sababu ni mfupi na hauli nafasi. Bakteria wake huishi kwa kulishwa kila siku. Nyumba ikikaa tupu kuanzia Novemba hadi Machi wanakufa, na Julai mnapokea wageni wanane na harufu. Kwa nyumba ya msimu, karo la kawaida lenye kitanda cha mchanga, au kichujio kifupi kisichotumia umeme, huvumilia ukimya. Kipimo cha kawaida ni mita za ujazo 3 kwa nyumba ya hadi vyumba vitano vikuu, sebule ikihesabiwa, na mita moja zaidi kwa kila chumba kinachoongezeka. Hakikisheni pia bomba na kitanda chake viko kwenye kiwanja chenu. Shimo lililo upande wa jirani, kwa idhini ya babu yake aliyefariki, ni kesi inayosubiri mlangoni.

Kuna ghala kubwa pembeni. Tunaweza kuligeuza nyumba ya pili ya wageni?

Msilipe kwa ajili yake kabla hamjapata jibu kwa maandishi. Ghala si makazi kisheria. Linahitaji kibali cha kubadili matumizi, na kwenye eneo la kilimo kibali hicho kwa kawaida hutolewa kwa majengo ambayo mpango wa ardhi wa halmashauri umeyataja. Ombeni certificat d'urbanisme ya aina ya pili, ile ya mradi. Hujibiwa ndani ya miezi miwili na hudumu miezi 18. Ifanyeni kuwa sharti kwenye compromis. Eneo la sakafu likizidi mita za mraba 150, msanifu majengo ni wa lazima.

Dalali anasema nyumba ya vyumba vitatu na bwawa hujilipa yenyewe. Ni kweli?

Ni nadra. Vijijini mapato huhesabiwa kwa wiki, tena wiki ni chache. Likizo ya shule za Ufaransa huanza mwanzoni mwa Julai na kuisha mwisho wa Agosti: hizo ni wiki 8. Ukiongeza chache za Mei, Juni na Septemba, nyumba nzuri inayotangazwa vizuri hupata wiki 10 hadi 14 kwa mwaka. Anayekupa hesabu ya wiki 30 anakuuzia nyumba.

Tuchukue mfano. Wiki 8 kwa euro 900 ni 7,200. Wiki 5 kwa 550 ni 2,750. Jumla 9,950. Toa kamisheni ya tovuti ya matangazo, asilimia 15: karibu 1,490. Usafi mara 13 kwa 100: 1,300. Umeme na maji 1,200. Kodi ya jengo 900, na kodi ya makazi, ambayo imefutwa kwa nyumba mtu anayoishi lakini ikabaki kwa nyumba ya pili, 700. Bima 450. Bwawa, dawa na mtu wa kulisafisha, 1,200. Kukata majani 900. Akiba ya matengenezo 1,000, kiasi ambacho kwa paa la zamani ni kidogo. Gharama zimefika 9,140. Mmebaki na euro 810.

Sasa serikali inakuja, na hapa ndipo wengi huumia kwa kukosa kuelewa. Kwenye mfumo rahisi wa kodi, micro-BIC, hutozwi kwenye hiyo 810. Unatozwa kwenye mapato yote, baada ya kukatwa asilimia ya jumla ambayo tangu mapato ya 2025 ni 30 tu kwa nyumba isiyo na nyota, na kikomo cha mapato euro 15,000. Asilimia 70 ya 9,950 ni 6,965. Asiyeishi Ufaransa huanzia kiwango cha asilimia 20: euro 1,393. Juu yake kuna makato ya kijamii, asilimia 7.5 kwa aliye kwenye bima ya jamii ya Umoja wa Ulaya au ya Uingereza, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa wengine. Mmepata faida ya 810 na mnadaiwa zaidi ya 1,900.

Kuna njia mbili za kujinasua. Ya kwanza ni kuomba nyumba ikaguliwe na kupewa nyota, moja hadi tano, kwa miaka 5. Punguzo linapanda hadi asilimia 50. Ya pili, ambayo kwa hesabu kama hii ndiyo tunayoipendelea, ni mfumo wa gharama halisi, régime réel. Humo mnakata gharama zenyewe, pamoja na uchakavu wa jengo na samani mwaka kwa mwaka (ardhi haichakai), isipokuwa sehemu ya wiki mnazoitumia wenyewe. Kodi mara nyingi hushuka karibu na sifuri. Mhasibu atachukua mia kadhaa. Jueni pia kwamba tangu Februari 2025 uchakavu mliokata hurudishwa kwenye hesabu ya faida siku mtakapouza, kwa hiyo sehemu ya nafuu hii ni deni lililosogezwa mbele.

Msikimbilie kununua kupitia kampuni ya familia, SCI, kwa sababu tu rafiki kasema inarahisisha mirathi. SCI inayopangisha nyumba yenye samani kwa mazoea huangukia kodi ya makampuni. Kama hofu ni mirathi, mzungumzeni na notaire kabla ya hati: mtoto mmoja ana haki ya nusu ya mali, wawili theluthi mbili, watatu au zaidi robo tatu, pale sheria ya Ufaransa inapotumika. Kifungu cha tontine, kinachomwachia nyumba yote mwenzi anayebaki, huingizwa wakati wa kununua; baadaye umechelewa.

Bwawa huongeza wiki, hilo hatulikatai. Lakini bwawa lililochimbwa ardhini lazima liwe na kinga moja kati ya nne: uzio, kengele, kifuniko au paa lake. Faini inafika euro 45,000, na mtoto wa mgeni hajui kuogelea mpaka mhakikishiwe vinginevyo.

Kabla ya kutoa ofa, fungua tovuti za kupangisha na utafute nyumba 10 zinazofanana na yako ndani ya kilomita 15. Tazama kalenda zao mwezi Februari, kisha Mei. Kalenda ambayo mwezi Mei bado haina wiki za Agosti zilizochukuliwa inakupa habari ambayo hakuna dalali atakayekupa.

Tutakuwa mbali. Nani atashika funguo, na kuna karatasi gani za kujaza?

Mtafuteni mtu huyo kabla ya kununua. Jumamosi ya Agosti wageni hutoka saa 4 asubuhi na wengine huingia saa 10 jioni. Katikati, nyumba ya vyumba vitatu inataka saa nne au tano za kazi: vitanda, vyoo, jiko, bwawa kupimwa dawa. Jumamosi hiyohiyo kila nyumba ya wageni kijijini inamhitaji msafishaji. Awe amejiandikisha na anatoa risiti, la sivyo gharama haikatwi kwenye kodi na akiteguka mgongo kwenye ngazi yenu mna kesi. Nunueni seti tatu za mashuka kwa kila kitanda: moja kitandani, moja inafuliwa, moja kabatini. Kwenye kila choo wekeni pipa dogo na maandishi kwa lugha tatu kwamba vitambaa vya kufutia visitupwe ndani, hata vile vilivyoandikwa kuwa vinayeyuka. Ndivyo vinavyoziba karo.

Karatasi si nyingi. Sheria ya Novemba 2024 inataka kila nyumba ya watalii iwe na namba ya usajili, na kikomo kilichowekwa ni 20 Mei 2026; namba hiyo ikae kwenye tangazo. Asiyejisajili anaweza kutozwa hadi euro 10,000. Ndani ya siku 15 tangu mnapoanza kupangisha, jisajilini kwenye lango la biashara la INPI mpate namba ya SIRET, yaani namba ya utambulisho wa biashara. Mgeni asiye Mfaransa hujaza fomu ya polisi, nanyi mnaitunza miezi 6. Kodi ya kitanda, ile anayolipa mgeni kwa kila usiku, kwa kawaida hukusanywa na tovuti kubwa za matangazo. Mgeni aliyekuja moja kwa moja, mnaikusanya wenyewe.

Mwisho ni baridi, ambayo mtu wa pwani huisahau. Mwezi Novemba mshika funguo afunge maji kwenye mita, afungue bomba zote kuanzia juu hadi chini, avute vyoo, kisha amimine kikombe cha kizuia-barafu kisicho na sumu kwenye kila mkunjo wa bomba chini ya sinki na bafu. Kama kuna mfumo wa maji ya moto ya kupasha vyumba, uachwe kwenye nyuzi 8. Bomba hupasuka usiku wa barafu kimyakimya. Maji huanza kumwagika asubuhi jua likichomoza, na nyumba tupu inaweza kumwaga wiki tatu kabla mtu hajapita. Someni bima yenu: nyingi hazilipi kama maji hayakufungwa. Mwambieni apige picha ya mita siku ya kufunga, na tena kila mwezi. Namba zikisogea ilhali hakuna mtu ndani, aingie siku hiyohiyo.